Namba 61,741,120: jinsi ya kuifungua kwa penseli bila kikokotoo

Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Eneo langu la kuhesabia lilikuwa upande wa Chamwino, na kwa kuwa nilikula kiapo cha kutunza siri sitataja kijiji wala ukoo wa mtu. Nitasema tu kwamba kwenye kaya ya nne asubuhi ile nilimkuta mama amejilaza mkekani, ubavuni pake kichanga amefungwa kwenye khanga, hajamaliza hata siku moja duniani. Sensa ilikuwa inamhesabu kila aliyelala nchini usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti. Ikabidi niulize mtoto kazaliwa saa ngapi. Bibi yake, aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe, hakusita: "Mwanangu, redio ilipotangaza saa sita, huyu tulikuwa tumeshamwogesha." Nikaingiza kwenye kishikwambi: jinsia ya kike, umri 00.

Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza matokeo hapahapa Dodoma, uwanja wa Jamhuri. Watanzania 61,741,120. Wengi walishika "milioni sitini na moja" wakaendelea na shughuli zao. Mimi nafundisha hisabati darasa la sita na la saba, siwezi kuikata namba mkia namna hiyo. Katika ule mkia wa mia moja na ishirini kuna moja ambayo niliiingiza mimi kwa kidole changu, nikiwa nimechuchumaa pembeni ya mkeka.

Basi nitaonyesha jinsi nilivyoifungua namba hii, yaani kuivunja iwe zao la namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, ili na wewe uweze kufungua yoyote utakayokutana nayo. Utahitaji penseli, karatasi ya visanduku, na orodha ya namba tasa zilizo chini ya 250. Kama huna orodha hiyo, mwombe mtoto wa darasa la sita akuandikie. Ni zoezi zuri kwake. Kikokotoo kiweke kando kwa leo. Kitakupa jibu na kukunyima njia, na hapa tunaitafuta njia.

Hakikisha kwanza namba uliyoandika ndiyo yenyewe

Hatua hii watu huiruka, nami nakusihi usiiruke, maana mimi mwenyewe iliniumbua. Siku ile ya matokeo nilikuwa nasikiliza redio kwenye simu, daftari liko gotini, nikaandika namba tatu: wanaume 30,053,130, wanawake 31,687,990, jumla 61,714,120. Angalia vizuri hiyo ya tatu. Nimegeuza 4 na 1.

Njia ya zamani ya kukagua hesabu ya kujumlisha ni kutoa tisa. Unajumlisha tarakimu za kila namba, na jumla ikiwa kubwa unaijumlisha tena tarakimu zake mpaka ibaki moja. Wanaume: 3+0+0+5+3+1+3+0 ni 15, halafu 1+5 ni 6. Wanawake: 3+1+6+8+7+9+9+0 ni 43, halafu 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Kwa hiyo jumla kuu nayo lazima ishuke hadi 4. Ya kwangu: 6+1+7+1+4+1+2+0 ni 22, yaani 4. Imepita! Namba yenye kosa imepita mtihani.

Sababu yake inaeleweka vizuri ukikumbuka kwa nini njia hii inafanya kazi. Kumi ni tisa na moja, mia ni tisini na tisa na moja, elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kila nafasi, ukiigawa kwa tisa, inaacha baki ya moja. Ndiyo maana tarakimu 7, iwe kwenye maelfu au kwenye mamilioni, inaacha baki ileile. Tisa haijali tarakimu imekaa wapi. Ukizigeuza nafasi, haina habari.

Ndipo inapoingia kumi na moja. Anza kulia kabisa, ukipokezana: jumlisha, toa, jumlisha, toa. Wanaume wanatoa 0−3+1−3+5−0+0−3, ambayo ni −3. Ongeza 11 ipate kuwa chanya: 8. Wanawake ni 0−9+9−7+8−6+1−3, yaani −7, ukiongeza 11 ni 4. Nane na nne ni 12, toa 11, inabaki 1. Jumla yangu ya daftarini: 0−2+1−4+1−7+1−6 ni −16, ongeza 22, inakuwa 6. Ilitakiwa 1 nami nina 6. Kosa limekamatwa. Nikarudi kujumlisha mwenyewe safu kwa safu, nikapata 61,741,120, na hiyo inatoa 0−2+1−1+4−7+1−6, yaani −10, ukiongeza 11 ni 1.

Kumi na moja inaona nafasi kwa sababu kumi imepungukiwa moja kuifikia 11, mia imezidi moja juu ya 99, elfu imepungukiwa moja kuifikia 1,001, na kuendelea hivyo kwa zamu. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana viti, zinabadilishana na alama zake. Mtihani ukigoma, kosa lipo kwa hakika. Ukipita yote miwili, kosa bado linaweza kujificha, ila maficho yake yamekuwa finyu.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, kwa kuwa jambo hili limewahi kumwokoa mtu. Shemeji yangu ananunua zabibu Hombolo na kuzileta soko la Majengo. Siku moja hesabu ya jioni ilipungua shilingi 18,000, akaanza kumtazama vibaya kijana anayemsaidia. Nikamuuliza, "Shem, kumi na nane elfu inagawanyika kwa tisa?" Inagawanyika. Tofauti inayotokana na kugeuza tarakimu mbili siku zote inagawanyika kwa tisa, hivyo kabla ya kumshuku mtu, tafuta namba iliyogeuzwa. Tulipekua kurasa tatu tu. Mauzo ya 86,000 yalikuwa yameandikwa 68,000, kwa mwandiko wake yeye mwenyewe. Kosa langu la redioni lilikuwa la aina hiyohiyo: 61,741,120 ukitoa 61,714,120 ni 27,000, na tisa inaingia humo mara 3,000.

Anza mkiani

Namba kubwa usiivamie kwa mbele. Mbele kunatisha na hakusemi kitu. Siri nyingi rahisi ziko nyuma.

Inaishia na sifuri, kwa hiyo 10 ni kigawo, na ndani ya 10 mna 2 na 5. Tano ni moja tu, maana ukiondoa ile sifuri tarakimu ya mwisho inakuwa 2. Je, mbili ziko ngapi? Tazama mkia ukirefuka. Tarakimu mbili za mwisho ni 20, zinagawanyika kwa 4. Tatu ni 120, zinagawanyika kwa 8. Nne, 1,120, kwa 16. Tano, 41,120, kwa 32. Sita, 741,120, kwa 64. Ukifika saba, 1,741,120 kwa 128, unapata baki ya 64. Imegoma. Basi mbili ziko sita kamili. Unatosheka na mkia kwa sababu 10 ina mbili moja ndani yake, 100 ina mbili mbili, 1,000 ina mbili tatu, na kila kilicho mbele ya mkia tayari kinagawanyika.

Sasa zitoe kweli, ukigawa nusu kwa nusu:

61,741,120 ÷ 10 = 6,174,112
6,174,112 ÷ 2 = 3,087,056
3,087,056 ÷ 2 = 1,543,528
1,543,528 ÷ 2 = 771,764
771,764 ÷ 2 = 385,882
385,882 ÷ 2 = 192,941

Mstari wa kwanza ulinishika. 6174! Walimu wenzangu wa hisabati wameshaijua. Mwaka 1949 mwalimu wa shule huko Devlali, India, D. R. Kaprekar, aligundua kwamba ukichukua namba yoyote ya tarakimu nne ambazo hazifanani zote, ukazipanga kutoka kubwa hadi ndogo, ukatoa mpangilio wa kutoka ndogo hadi kubwa, na ukarudia hivyo kwa kila jibu, utafika 6174 katika hatua zisizozidi saba, na hapo hutoki tena. Niliwapa darasa mwaka wenyewe wa sensa, 2022. 2220 toa 0222 ni 1998. 9981 toa 1899 ni 8082. 8820 toa 0288 ni 8532. 8532 toa 2358 ni 6174. Kisha 7641 toa 1467, 6174 tena. Tahadhari moja tu: sifuri iliyo mbele usiidondoshe, 0288 ibaki na viti vinne. Kwamba tarakimu hizo ndizo zinaongoza idadi ya Watanzania ni sadfa, naamini hivyo na niliwaambia wanafunzi hivyo. Lakini ni sadfa iliyowafanya watoto sitini na zaidi kutoa kwa kukopa kwa kipindi kizima bila kulalamika, na nilishukuru.

Vipande vya tatutatu

Tumebaki na 192,941. Ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 26, kwa hiyo 3 haimo. Zinazofuata ni 7, 11 na 13, na hizi tatu zinapimwa kwa mpigo mmoja. Sababu: 7 × 11 × 13 = 1,001. Mkato wa maelfu unaouweka kwenye namba kila siku ndio unaokufanyia kazi. Kata namba kwenye mikato yake, kisha toa na jumlisha vipande kwa zamu kuanzia kulia.

Hapa vipande ni viwili tu: 941 toa 192 ni 749. Badala ya kuigawa namba ya laki, unaigawa 749. Kwa 7 ni 107 bila baki. Kwa 11 inabaki 1. Kwa 13 inabaki 8. Basi 7 imo, wenzake hawamo, na 192,941 ÷ 7 = 27,563. Rudia palepale uone kama kuna saba nyingine: 563 toa 27 ni 536, ambayo haikubali 7, wala 11, wala 13.

Ukitaka kuuona mkato huu ukifanya kazi vizuri zaidi, chukua sensa ya 2012, watu 44,928,923. 923 toa 928 jumlisha 44 ni 39. Papo hapo unajua 13 imo na 7 na 11 hazimo: 44,928,923 = 13 × 3,456,071. Sekunde kumi.

Safari ya 27,563

Hapa hakuna njia ya mkato, na sitakudanganya kwamba ipo. Inabidi kupima namba tasa moja baada ya nyingine. Lakini jua kwanza safari inaishia wapi: 166 × 166 ni 27,556, na 167 × 167 ni 27,889. Kama 27,563 ina vigawo viwili, kimojawapo lazima kisizidi 166, kwa sababu viwili vyote vikiwa vikubwa kuliko hapo zao lao litapita. Kipeuo cha pili ndicho mpaka wa shamba lako. Usilime la jirani.

Kwa 17 inabaki 6. Kwa 19 inabaki 13. Kwa 23 inabaki 9. Kwa 29 inabaki 13. Kwa 31 inabaki 4. Kwa 37 inabaki 35, na hapo nilijikuta nimekunja uso, maana ilikuwa imekaribia. Kwa 41 inabaki 11. Kwa 43: arobaini na tatu mara 640 ni 27,520, inabaki 43 yenyewe. Imeingia mara 641 barabara.

Sasa je, 641 ni tasa? Usianze kupima upya. Mpaka wake uko chini ya 26, kwa kuwa 26 × 26 ni 676, na namba tasa zote za chini ya 26 umeshazijaribu kwenye 27,563 au kabla yake, zikakataa. Kigawo cha 641 kingekuwa kigawo cha 27,563 pia. Basi ni tasa, na kazi imekwisha:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Ihakiki kwa kuzidisha kurudi juu: 64 × 5 ni 320, mara 7 ni 2,240, mara 43 ni 96,320, mara 641 ni 61,741,120.

Mstari huo ukiwa mkononi, mengine yanakuja kama maji ya mteremko. Vigawo vyote viko vingapi? Fikiria uko kwa mama ntilie. Matonge ya ugali unaruhusiwa kuchukua kuanzia sifuri hadi sita, kwa hiyo una uamuzi wa aina 7. Maharage uchukue au uache, mlenda uchukue au uache, dagaa hivyohivyo, kachumbari hivyohivyo. Sahani tofauti zinazowezekana ni 7 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 112. Mbili sita ndizo matonge, na 5, 7, 43 na 641 ndizo mboga. Namba yetu ina vigawo 112. Kuna njia 112 za kuwapanga Watanzania wote wa sensa ile kwenye safu zilizo sawa bila kumwacha mtu pembeni, safu moja ndefu ikiwemo.

Na jumla ya vigawo hivyo? Zidisha 127 × 6 × 8 × 44 × 642. Hiyo 127 ni 1+2+4+8+16+32+64, na nyingine kila moja ni namba tasa ukiongeza moja. Inatoka 172,199,808. Ondoa namba yenyewe, vinabaki 110,458,688, ambavyo vimeizidi mbali. Linganisha na 28, ambayo vigawo vyake vidogo 1, 2, 4, 7 na 14 vinarudisha 28 kamili.

Simama kwenye 641

Nilipoiona 641 pale mwishoni niliweka penseli chini. Ni namba yenye historia, na hapa nataka twende polepole.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa anazitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwenye kipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezwa 1. Zote tano ni tasa. Akaamini zinazofuata nazo ni tasa, hadi mwisho. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Miaka ilipita karibu mia moja, hadi mwaka 1732 Leonhard Euler alipoonyesha kwamba inagawanyika: ni 641 × 6,700,417. Imani ya Fermat ikaanguka, na aliyeiangusha ni hii 641 iliyomo ndani ya idadi yetu.

Unaweza kulithibitisha hilo bila kuigawa ile namba ya mabilioni hata mara moja. 641 ina sura mbili. Sura ya kwanza ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Sura ya pili ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴.

Anza na ya kwanza. 640 ukiigawa kwa 641 imepungukiwa moja tu, kwa hiyo baki yake ni kama −1. Ukiizidisha kwa yenyewe, −1 mara −1 ni 1. Hakiki: 640 × 640 = 409,600, na 641 × 639 = 409,599. Kweli, baki 1. Kwa hiyo 640⁴ nayo inaacha baki 1.

Sasa ya pili. Zidisha 5⁴ + 2⁴ kwa 2²⁸. Unapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², na hiyo lazima igawanyike kwa 641 kwa kuwa umezidisha 641 yenyewe. Lakini 5⁴ × 2²⁸ ni nini? Ni 5 × 2⁷ ikizidishwa mara nne, yaani 640⁴, ambayo tumeshaona inaacha baki 1. Basi weka 1 mahali pake: 1 + 2³² inagawanyika kwa 641. Imekwisha. Nimewahi kuiandika hii ubaoni kwa wanafunzi watatu waliobaki baada ya kengele, na mmoja akaomba nisifute hadi kesho yake.

Ile 625 nayo iko nyumbani. Mkoa wa Dodoma ulihesabiwa watu 3,085,625. Tarakimu nne za mwisho ni 5,625, ambayo ni 625 mara 9, na kwa kuwa 10,000 ni 625 × 16, kila kilicho mbele kinakubali pia. Mkoa wetu ni 625 × 4,937, na 4,937 ni tasa. Ipime mwenyewe, mpaka wake ni 70. Tano nne zimekaa mkiani mwa Dodoma, na mbili nne ukizijumlisha nazo unapata 641: 625 × 16 ni elfu kumi, 625 + 16 ni 641. Mwanafunzi akiuliza kwa nini namba za mkoa na za taifa zinaitana hivyo, mwambie ni sadfa, kisha mwache azifurahie.

Mtu mmoja akitoka

Nimalize na jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae na namba hii usiku mzima. Chukulia yule bibi angenijibu kwamba redio ilitangaza saa sita mtoto akiwa bado tumboni. Nisingemwandika. Jumla ingekuwa 61,741,119.

Namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo chochote zaidi ya 1, kwa sababu kinachozigawa zote mbili lazima kigawe na tofauti yao, ambayo ni 1. Kwa hiyo papo hapo zinaondoka zote: mbili sita, tano, saba, 43, na 641 ya Euler. Hakuna hata moja inayobaki.

Ifungue kwa njia zilezile. Witiri, na mkia ni 9, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu ni 30, basi 3 imo, na 9 haimo. Kwa kumi na moja: 9−1+1−1+4−7+1−6 ni 0, basi 11 imo. Gawa kwa 33, unabaki na 1,870,943. Vipande: 943 toa 870 jumlisha 1 ni 74, hakuna 7, 11 wala 13. Kisha ule msafara: 17 inabaki 8, 19 inabaki 13, 23 inabaki 8, 29 inabaki 8, 31 inaingia, mara 60,353. Hii ya mwisho nilipima hadi mpaka wake wa 245, karatasi mbele na nyuma, ikakataa zote, ni tasa.

61,741,119 = 3 × 11 × 31 × 60,353

Mboga nne, hakuna tonge hata moja. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili: vigawo 112 vinashuka hadi 16, kwa kumtoa mtu mmoja wa kaya ya nne, jinsia ya kike, umri 00.